Mwaka wa Kumtazama Bi Mkasi

Bi Mkasi alifariki Jumatatu kabla ya adhuhuri, hapa hapa Mtambile, na mimi ndiye niliyemuosha. Naandika haya nikiwa nimechoka, wala si kwa msiba wake, maana alikuwa mkongwe na maradhi yalikwisha kummaliza, bali kwa jambo lililokuja nyuma ya msiba. Siku ya hitima, wanawake walipokuwa uani wakisugua masinia, Saumu alinishika mkono akaniingiza chumbani, kisha akausukuma mlango kwa mgongo wake mpaka ukafunga. Saumu ni rafiki yangu tangu tuko wasichana. "Zuhura," aliniambia, "nataka ukamwambie Arafa ulichokiona kwa nke wa kwanza wa Makame." Nikamuuliza nani kamwambia kwamba niliona kitu. "Weye ndo ulomwosha, weye na Bi Mkasi. Bi Mkasi kenda zake. Nikamuulize nani mie?"

Makame alikuwa mume wa Saumu, naye ameshakufa miaka kadhaa. Mungu amrehemu, nasema hivyo kwa mazoea. Kabla ya Saumu alikuwa na mke mwingine, akamfia angali kijana. Arafa ni binti wa Saumu na Makame, ameolewa Wambaa, na mumewe anampiga. Hilo si siri tena. Mwezi uliopita alikuja kwa mama yake na mkono umevimba, akasema ameteleza kisimani, akakandwa kwa maji ya moto, akajitayarisha kurudi. Mama yake akamwambia asirudi. Arafa akamjibu kwa adabu, kama anavyojibu siku zote: "Mama, mbona weye ulikaa?" Jibu la swali hilo Saumu anataka nilitoe mimi. Nilimwomba anipe mpaka Alkhamisi.

Asiyeijua kazi yetu ataona nilikuwa na uzito wa bure. Mwosha akitoka katika chumba cha maiti, alichokiona humo anakiacha humo. Akiona uso umeng'aa anaweza kusema, watu wakafurahi. Akiona kingine chochote, hakuona. Ni dini, na ni kazi pia, kwa sababu hakuna nyumba itakayokuita ukamuoshe mama yao ikiwa ulimi wako unajulikana sokoni. Nimeosha wanawake wengi katika kusini hii ya Pemba, wengine wenye vidonda, wengine wenye mambo ambayo waume zao hawakuyajua, na sijapata kufungua mdomo. Hata kwa Shehe sikwenda kuuliza. Nilijua atasema nini, na nilijua atasema kweli, na bado ningetoka na mzigo wangu vile vile.

Basi usiku na mchana nimekuwa nikiurudia mwaka ule mmoja, mwaka niliokaa kwa Bi Mkasi. Namna nilivyofika kwake haina faida kuieleza: nilikuwa na miaka ishirini, nimeachwa, na nyumbani hapakuwa na nafasi ya mtu aliyeachwa. Chumba chake kilikuwa na kitanda cha kamba, mkeka wangu chini yake mchana na kando yake usiku, na sanduku la bati jeusi ambalo lilikaa juu ya kabati ili watoto wa jirani wasilifikie. Ndani ya sanduku mlikuwa na pamba, mkasi, kafuri ndani ya kikopo cha maziwa, udi, na majani ya mkunazi yaliyokaushwa na kutwangwa. Chumba kizima kilinuka kafuri. Siku za mwanzo nilikuwa siwezi kula humo, nachukua sahani yangu nakwenda kukaa ukumbini. Yeye alikula pale pale, amelipa sanduku mgongo, shelisheli la nazi na dagaa wa kukaanga, anakula polepole kama mtu asiye na pa kwenda. Baada ya wiki mbili nikagundua nakula na mimi pale pale, na kwa mwendo ule ule. Sikumbuki siku niliyoamua.

Alikuwa hafundishi. Leo wasichana wanahudhuria semina za kuosha maiti msikitini, wanapewa karatasi, wanaonyeshwa kwa mwanasesere. Sisemi ni vibaya. Bi Mkasi nilipomuuliza kitu alinijibu, "Macho unayo," na mjadala umekwisha. Kwa hiyo nilitazama. Mara ya kwanza nilipewa kushika shuka, yule mtu wa tatu anayesimama kichwani kuhakikisha maiti hafunuki. Baadaye nikapewa kopo, nikawa mmiminaji. Niliona jinsi anavyoanza upande wa kulia, jinsi mkono wake uliovaa kitambaa unavyopita chini ya shuka bila jicho kuufuata, jinsi maji ya mkunazi yanavyotangulia na ya kafuri yanavyomalizia, jinsi anavyosikiliza maji yakidondoka katika shimo la ufuo lililochimbwa chini ya kitanda, ili ajue yanapita au yametuama. Niliyachukua yote, na mengine ambayo hayakuwamo. Kati ya maji na maji Bi Mkasi alikuwa na kawaida ya kusimama, kuweka kiganja kiunoni na kuinamisha kichwa kidogo. Niliona hapo pana heshima kubwa, labda na dua. Nilipoanza kuosha mwenyewe nikawa nafanya hivyo hivyo, kiganja kiunoni, kichwa chini, na wale niliowafundisha wakafanya, mpaka siku moja nilipomtajia Bi Mkasi ile dua ya katikati. Alinitazama muda. "Dua gani? Mie kiuno chaniuma tangu ujauzito wa mwanzo." Mpaka leo wako wanawake hapa Mtambile na huko Wambaa wanaosimama mbele ya maiti wameshika viuno ambavyo haviwaumi, na mimi sina nguvu za kwenda kuwaambia mmoja mmoja.

Niliichukua na sauti yake. Watu wakibisha hodi nikiitikia wanasema, "Bi Mkasi, hujambo?" Niliuchukua mwendo wake, namna yake ya kukohoa kidogo kabla ya kuingia nyumba yenye msiba, namna ya kukataa kiti cha kwanza na kukubali cha pili. Nilikuwa nimeachwa na mume aliyeniambia mbele ya watu kwamba sijui kitu. Kufanana na mwanamke ambaye nyumba nzima inanyamaza akiingia ilikuwa kwangu kama kupewa nguo mpya. Nisiseme uongo, niliona raha.

Mke wa Makame alikufa masika ya mwaka huo, kwa homa. Homa ilikuwa homa kweli, hilo sibishi; alikuwa ameumwa siku tisa na watu walimwona. Walituita asubuhi na mvua inanyesha. Tulikuwa watatu: Bi Mkasi anaosha, mimi namimina, na jamaa mmoja wa marehemu kashika shuka kichwani, naye uso kaugeuzia ukutani analia. Tulipomlaza ubavu ili tumuoshe mgongo, mkono wa Bi Mkasi ukasimama. Nikatazama uliposimama. Mgongo wa yule mtoto wa watu, maana alikuwa mtoto, alinizidi mwaka mmoja tu, ulikuwa na alama za mkanda kutoka mabegani hadi kiunoni, mbichi juu ya zilizokauka, na zilizokauka juu ya zilizokwisha kuwa nyeupe. Nilijua ni mkanda kwa sababu palikuwa na alama ya bizimu lake, kile chuma cha kufungia, sehemu mbili. Nilimtazama Bi Mkasi usoni nijue tunafanya nini. Sikuona kitu. Mkono ukaanza tena, polepole zaidi kuliko kabla, kama anamuosha mtu anayeweza kuumia. "Maji," alisema. Nikamimina.

Tulipotoka, Makame alikuwa amesimama barazani, macho mekundu. Alilia kweli. Hilo nalo limenisumbua miaka yote, kwamba hakuwa akiigiza. Bi Mkasi akamwambia, "Mungu akupe subira." Nikamwambia na mimi, kwa sauti ile ile.

Miezi ikapita. Siku moja, baada ya sala ya alasiri, dada yake Makame alikuja akakaa mkekani, akazungumza habari za mvua, za muhogo, za bei ya karafuu, na tulipokwisha kunywa chai ya mchaichai akasema kaka yake yuko peke yake, na Zuhura naye yuko peke yake, na watu wazima wanafahamiana. Nilikuwa jikoni nakuna nazi. Nilisikia kila neno na mbuzi ya nazi ikanikwama chini ya mapaja, siwezi kukuna wala kusimama. Bi Mkasi hakufikiri hata kidogo. "Hunu Zuhura nshamtia kazini, bibi. Mie mgongo hauna nguvu tena. Nikimtoa hunu, nani ataniinulia maiti?" Dada mtu akasema hata akiolewa atakuja kusaidia. "Mume hataki nke anukaye kafuri," akasema Bi Mkasi, akacheka kicheko chake kifupi, na yule mgeni akacheka naye. Ikaisha. Alipoondoka, Bi Mkasi aliingia jikoni akalitazama bakuli langu la nazi. "Hujakuna kitu weye," alisema, akatoka. Hatukulizungumza tena. Nilijua nimeokolewa, na nilijua kwamba kuokolewa kwenyewe kunafanywa hivyo, kwa uongo mdogo wenye adabu, bila ya jina la mtu kutajwa.

Yule dada hakukata tamaa. Nyumba ya tatu kutoka kwetu alikuwako Saumu. Tulikuwa tukienda kisimani pamoja, tukisukana pamoja. Alikuwa mcheshi, mwenye kuiga watu wote wa mtaa mpaka tunashika mbavu, na hata mimi aliniiga nilivyokuwa nikimwiga Bi Mkasi. Aliposema ameposwa na Makame alisema kwa furaha, mtu mwenye mikarafuu yake mwenyewe na nyumba ya bati. Nikasema hongera. Kisha nikaanza kumtazama Bi Mkasi. Nilijua yeye ndiye atakayejua la kufanya, kama alivyojua kwangu. Siku ya pili aliniita tukaenda kwa mama yake Saumu, na roho yangu ikatulia, nikasema ndiyo hapo sasa. Tulikaa barazani tangu alasiri mpaka karibu na magharibi. Walizungumza habari ya kisamvu, kinapikwaje kisiwe kichungu, kitwangwe na vitunguu au bila. Walizungumza goti la mama yake Saumu. Nilisubiri kila walipovuta pumzi. Bi Mkasi akasimama, akashika kiuno, akaaga.

Kesho yake tulikuwa uani tunachambua majani ya muhogo, maana mazungumzo yale yalimtia hamu ya kisamvu, na nikakusanya ujasiri nilioukuta. "Bi Mkasi," nikasema, "Saumu kwa Makame..." Hakuinua kichwa. "Umeona nini weye?" aliniuliza. Swali lilikuwa la kweli. Nimelipima mara nyingi tangu siku ile na nina hakika lilikuwa la kweli. Hakunikaripia, sauti yake ilikuwa chini, na mikono yake ilikuwa imesimama juu ya majani kama ilivyosimama siku ile juu ya mgongo. Sasa naamini alikuwa akingoja niseme, ili tuwe wawili. Lakini mimi nilikuwa nimejifunza kwake mwaka mzima kujibu swali hilo, na nilitaka aone nimejifunza vizuri. "Sikuona kitu," nikasema. "Na mie sikuona," akasema, na mikono ikaendelea.

Saumu akaolewa. Walima ulikuwa nyumbani kwao, pilau ya kuku, na wanawake tulipangwa wanne wanne kwenye masinia, kuanzia ukumbini mpaka mlangoni mwa chumba alichokaa bi harusi. Mimi na Bi Mkasi tulikuwa sinia la mlangoni. Sikuwa na hamu ya chakula. Nilikuwa najiambia kama Bi Mkasi hatakula basi sitakula, na kama atasimama nitasimama. Nilikitazama kiganja chake. Alinawa, akasema bismillahi, akakusanya tonge, akalitia kinywani. Nikanawa na mimi. Mwisho wa mwaka huo nikaolewa tena na mtu mwema wa Pujini, nikaondoka na kafuri yangu katika kikopo changu mwenyewe, na nikawa Bi Zuhura mwosha. Nilipofiwa na mume nikarudi kuishi Mtambile. Saumu akazaa, akaacha kuiga watu. Tukionana tulizungumza goti la mama yake, na mama yake alipokufa tulizungumza magoti yetu.

Alkhamisi nilikwenda kwake kumwambia siwezi. Nilikuwa nimeyapanga maneno: kwamba ni amana, kwamba yule marehemu naye ana haki ya kusitiriwa, kwamba Makame hayupo tena kujitetea. Saumu alikuwa jikoni, amekaa juu ya kibao, anapepeta mchele. Alinisikiliza mpaka mwisho bila ya kusimamisha ungo. Kisha akasema, "Kabla sijaolewa nilisikia maneno, Zuhura. Watu walikuwa wakinong'ona kuhusu yule nke, ati alikuwa akipigwa. Nikajiambia, mie n'na bahati, Zuhura kamwosha, Zuhura ni ntu wangu. Sikukuuliza, kwa sababu najua kazi yenu haisemi. Nikasema ntamtazama tu. Kama pana neno, ntaliona kwake." Akaweka ungo chini. "Siku ya walima nilikuwa kitandani, nimefunikwa, lakini ushungi ulikuwa mwepesi. Nilikuwa nakutazama weye. Nkakuona unanawa, unakula. Ulikula sana siku ile. Nkasema basi, hapana neno."

Sikuwa na pa kuuweka uso wangu. Nilitaka kumwambia kwamba mimi nami nilikuwa nikimtazama mtu mwingine, lakini niliona lingekuwa jibu la kipuuzi. Hakulia, na alivyokuwa anazungumza haikuwa lawama, ilikuwa ni habari tu ambayo ameibeba miaka mingi na amechoka nayo kama nilivyochoka mimi. "Sasa Arafa kanitazama mie," alisema. "Kila siku niliyopigwa aliniona asubuhi naamka, nachemsha chai, nampa baba yake shikamoo yake. Anadhani mie nilikaa kwa kuwa nilijua ndo maisha. Mie nilikaa kwa kuwa sikujua kama ntu aweza kuondoka. Nikimwambia kwa mdomo hasikii. Wamsikia ntu mdomo, au wamsikia alivyofanya?" Nikamwambia kesho tutakwenda.

Wambaa tulifika Ijumaa, saa tatu za asubuhi, mume wa Arafa yuko kazini. Nyumba ni ya vyumba viwili, safi, vyombo vimefunikwa kawa. Arafa ni mtu mzima sasa, na ana sura ya baba yake, lakini alipotuona alitabasamu kwa mdomo uliofungwa kama anavyotabasamu mama yake, na mkono uliokuwa umevimba alikuwa anauficha ndani ya khanga bila ya kujijua. Alitupa shikamoo, akatandika mkeka, akaleta chai na muhogo wa kuchemsha. Akauliza hali zetu, akauliza msiba, akasema Bi Mkasi alikuwa mwanamke mwenye sitara. Mama yake alinitazama. Niliona muhogo ule mbele yangu na nikaona kwamba nikiuonja tu nitakunywa na chai, na tukinywa chai tutazungumza magoti. Nikasukuma sahani.

"Arafa," nilisema, "nilimwosha mke wa kwanza wa baba yako." Sauti iliyotoka haikuwa ya Bi Mkasi, ilikuwa nyembamba na mbaya, na nadhani ilikuwa yangu. Nikamwambia mgongo ulivyokuwa, mabegani mpaka kiunoni, mbichi juu ya zilizokauka, na bizimu la mkanda sehemu mbili. Nikamwambia Bi Mkasi aliona na mimi niliona, na tulijua ni dhulma, hatukudhani hata siku moja kwamba ndivyo wanawake wanavyoishi. Kwamba mimi niliposwa na mtu yule yule nikafichwa, na mama yake hakufichwa. Na kwamba tulinyamaza kwa woga, tukakiita kimya chetu sitara. Nimevunja amana ya kazi yangu na sijui nitajibu nini siku ya kuulizwa.

Arafa hakunitazama mimi. Alikuwa anamtazama mama yake, na niliujua mtazamo ule. Saumu aliinuka kwa shida, akaingia chumba cha ndani, akarudi amekumbatia nguo za binti yake zilizokuwa kambani, akazimwaga mkekani, akakaa akaanza kuzikunja kama za safari. Alikunja khanga ya kwanza akaiweka kando yake. Akakunja ya pili. Chai ilikuwa inapoa. Ya tatu ilikuwa doti zima, refu kwa mtu mmoja aliyekaa, likawa linamponyoka, na hakuomba msaada, alirudia tu tangu mwanzo. Arafa alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akautoa ule mkono ndani ya khanga, akaushika upindo wa pili, na wakaanza kukunja pamoja.